Bi Time Ndani ya Sista Radi

Bi Time aliapa mbele ya watu: kama hamo ndani ya sinema ile, hatoitaja tena maisha yake. Ni dada wa bibi yangu, Mpemba, na mimi ndimi nikaaye naye hapa Kilburn. Miaka nenda miaka rudi anasimulia kwamba alipokuja London, bado kijana, alichukuliwa kuigiza katika Sista Radi Arudi, sinema ya majasusi ya Wamarekani weusi, sehemu ya pili, iliyopigwa huku huku Uingereza. Mdogo wake, Jaffar, humcheka kila Idi.

"Nyota wetu huyo! Nyota ya mchana, haionekani."

Uso hauonekani kweli. Walimvisha kinyago.

Niliitafuta sinema ile muda mrefu, nikaipata kwa Bwana Sachin, mwenye duka Kenton, mzaliwa wa Tanga. Jumamosi akaja na projekta yake ukumbini kwetu. Watu wakajaa, sambusa zikapita.

Nisiseme uongo, sinema ina kasoro. Ile ya kwanza, Bwana Sachin alitwambia, ilikuwa na kisa. Hii imebaki na magari ya kulipuliwa. Adui anakufa, punde yumo tena anavuta sigara. Na Afrika yao! Msitu mzito, mara kindi wa Kiingereza huyo, anakatiza juu ya mti. Tulivunjika mbavu.

Lakini Sista Radi mwenyewe, mashaallah. Nywele kama mwavuli, koti la manjano mpaka chini. Akiingia mlangoni wanaume wanasimama kabla hajasema neno. Anapiga teke huku hereni zinacheza, wala haombi msaada wa mtu. Kwa ajili yake nikamsamehe hata yule kindi.

Ikafika ngoma. Sista Radi kafungwa mtini, wanawake wa vinyago wamemzunguka. Mmoja akanyoosha mkono, akapiga kelele, lakini ngoma zikamfunika. Chini pakatokea maandishi ya Kiingereza, Jaffar akatufasiria kwa sauti:

"Mgeni huyu afe kabla jua halijazama! Haya dada, ndiye wewe? Mbona mkali hivyo?"

Watu wakacheka. Bi Time kashika mtandio wake, macho chini.

"Mie sikusema hivyo," akaninong'oneza. "Waliniambia sema Kiafrika chochote."

Nikanyanyuka. "Bwana Sachin, tafadhali rudisha nyuma, na sauti juu. Nanyi msisome. Sikilizeni."

Akarudisha. Nyuma ya ngoma ikatoka sauti kali ya kisichana:

"Kiatu chanibana mie! Baridi yaniua, na chai hawajaleta!"

Na kinyago cha pembeni kikamjibu, taratibu kabisa: "Vumilia, Time. Vumilia."

Ukumbi ulilipuka kuliko magari yote ya sinema. Jaffar akaondoka kitini, mtu mzima na mvi zake, akambusu dadake mkono.

"Nimeshindwa, dada. Na hiyo chai, waliileta?"

"Ilikuja imepoa," akasema Bi Time.

Watu wakadai irudishwe tena, na tena. Mwisho Bi Time akasimama, kidevu juu.

"Basi jamani! Mwacheni mwenzangu afunguliwe, bado yuko mtini!"

Bwana Sachin akaiachia sinema iendelee. Sista Radi akakata kamba, na vigelegele vya kwanza vikatoka kwa Bi Time.