Siku Niliyoshika Zamu ya Dohani

Usiku wa kuamkia leo nimeota dohani ya jiko letu imefunga virago na kurudi kwao. Niliiona kwa macho yangu ikikata kona ya mgombani, furushi la masizi kichwani, haigeuki nyuma.

Niseme ukweli, ilikuwa na haki. Jiko lile la kuni nililijenga mwenyewe kwa udongo wa kichuguu, nikajigamba Tukuyu nzima kwamba mke wangu Atuganile hatatoa tena chozi la moshi. Fundi aliyenifundisha alinionya nisafishe dohani kila mwezi. Mwezi wa kwanza nikasema kesho. Wa tatu nikasema kesho. Atuganile akawa anakohoa mpaka anashika ukuta, na jana jioni akaniambia kwa upole, upole ule wa kutisha, kwamba moshi ukirudi ndani mara moja tu, analivunja jiko na kurudi kwenye mafiga.

Basi ndotoni nikamchukua birika awe mshenga wangu, tukaenda kuomba radhi. Kwao dohani ni pale kwenye kichuguu nilikochimba udongo. Tunapiga hodi. Mchwa wanatukaribisha, wanatupa vigoda, wanauliza hali ya migomba. Birika anasafisha koo na kuanza hotuba. Anaongea mpaka anachemka, mfuniko unarukaruka, ikabidi nimvute mpini anyamaze.

Mchwa mkubwa kuliko wote, bibi mnene mwenye miwani, akaniuliza dohani ilikosa nini. Nikasema haikukosa. Akauliza mbona basi haijaoga miezi mitatu.

"Shikamoo bibi," nikasema, "nilipanga kesho."

Wakataka kuziona hizo kesho. Nikazimwaga zote kutoka mfukoni, tisini na moja. Bibi akaigonga moja kwa ukucha, akainusa, akatikisa kichwa.

"Mbichi," akasema. "Kesho mbichi haiwaki, inatoa moshi tu. Faini yako, ushike zamu ya dohani. Mwenzako anaumwa."

Mara niko jikoni kwangu, nimesimama juu ya jiko, kichwa na mabega vimetokeza nje ya bati. Mvua inaninyeshea utosini. Chini, Atuganile anainjika maharage. Moshi unaniingia nyayoni, unapanda magotini, unatokea masikioni. Mwanzoni nilifurahi kupita kiasi, maana kutoka kule juu naona mashamba ya chai yote, na majirani wanapita wakiniuliza habari za kazi. Nawajibu kwa moshi, nao wanaridhika. Kuku akaruka akatua begani kuota joto. Nikaanza hata kuimba.

Kisha masizi yakaanza kunikaba. Kifua kikabana, nikakohoa, bati likatikisika, kuku akahama. Kumbe ndivyo anavyokohoa mke wangu kila siku, nikawaza, na huruma ikanishika vibaya. Nikamwita Atuganile, nikamsihi aniletee ufagio upesi.

Sauti ikapanda kutoka chini, tulivu kabisa: "Kesho, mume wangu."

Nikaamka nimeketi kitandani. Kulikuwa kumeshakucha. Sikunawa uso wala sikunywa chai, nikaenda moja kwa moja mgombani kukata majani makavu niyafunge kwenye mwanzi mrefu. Nilikuwa bado nakaza kamba Atuganile alipotoka. Akanitazama, akautazama mwanzi, akacheka hadi kikohozi kikamshika. Alipotulia akasema afadhali, ila yeye alidhani mtu husafisha dohani kwanza, ndipo anachafuka.

Sikumwelewa. Akashika upindo wa khanga, akaulowesha kwa mate, akanifuta sikio la kulia, kisha la kushoto, akanionyesha. Upindo ulikuwa mweusi tii.

Nikaegemeza ngazi ukutani, nikapanda. Na kabla ya kuingiza mwanzi, nikaipigia dohani hodi.