Fimbo Ndefu Ukweni

Mkwe wangu Kisyeri alipata dhahabu kidogo Nyamongo, akanunua pikipiki, akanunua kofia nyeupe, kisha akaja kufunga malisho yangu ili ajifunze gofu.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila mwanaume mwenye sururu alikuwa Nyamongo. Wanangu walikuwa huko, wanashuka kwenye mashimo marefu kama visima na kupanda na vumbi hadi kwenye meno. Kisyeri hakushuka. Alikaa juu, mdomoni mwa shimo, akingoja mgao wake wa mawe, na kukaa huko kukamfanya ajione mtu mkubwa.

Sasa kulikuwa na tajiri mmoja, Simioni, Mkurya mwenzetu, mwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Simioni alikuwa amejifunza gofu huko Kisumu, na watu walisema akimpenda mtu humkabidhi mashine moja aisimamie. Wengine wangempelekea mbuzi. Kisyeri akaona atampelekea gofu.

Binti yangu Gati, mke wake, alikuwa kwangu Nyamwaga baada ya kujifungua. Maziwa yake yalikuwa machache, kwa hiyo mtoto alikunywa ya ng'ombe wangu mwekundu. Kiangazi kile nyasi mbichi zilibaki mahali pamoja tu, bondeni chini ya nyumba yangu, penye chemchemi. Ni malisho aliyoniachia marehemu mume wangu. Kisyeri akayapenda kwa kuwa yamelala sawa. Akazungushia miiba, akasema kwato zinaharibu uwanja. Ng'ombe akapelekwa kilimani kutafuna vijiti.

"Mpaka aiweze tu, mama," Gati aliniomba. "Akishaweza ataondoka."

Nikakubali. Mimi ni mtu wa kungoja. Lakini kibuyu kilichokuwa kinajaa asubuhi kikaanza kufika nusu, halafu kikashuka chini ya nusu, na mjukuu wangu akawa analia akiwa bado ananyonya kikombe.

Mkwe alikuja kila siku na pikipiki, amevaa suruali ya kitambaa chepesi na glavu ya mkono mmoja kama mtu aliyeungua. Nyuma alimpakia Odongo, kijana wa Migori aliyewahi kubeba mifuko ya wachezaji huko Kisumu. Huyo ndiye alikuwa mwalimu. Mwanaume mzima, na watoto, anafundishwa kupiga kiyai cheupe, tena ukweni. Nilikaa kwenye kigoda changu uani, nikipukuchua mahindi, nikatazama.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawaangaliani usoni, hawapitani njiani, wala hawaongei moja kwa moja. Njia ikiwa moja, mwanaume huingia porini mpaka mama apite. Kwa hiyo maneno yetu yote yalipita kwa Gati, hata kama kila mtu alikuwa anasikia.

Fimbo fupi za gofu hazikumshinda. Aliinua kidogo, akapiga kidogo, mpira ukaenda kidogo. Shida ilikuwa zile ndefu. Akishika ndefu, mpira haukwenda mahali pamoja mara mbili. Huu migombani, huu kwenye chemchemi, huu haukwenda kabisa, na yeye amechimba udongo kuliko alivyowahi kuchimba Nyamongo.

"Gati," nikasema, "muulize mumeo migomba yangu imemkosea nini."

Kisyeri akatazama viatu vyake. "Gati, mwambie mama nasikitika."

"Mwambie masikitiko hayaivi."

Odongo akakohoa ili asicheke. "Bwana mkubwa, usiipige hii ndefu kwa hasira. Urefu wake ndiyo nguvu yake. Simama mbali kidogo, mpira uwe upande wa mguu wa kushoto, inua taratibu vilevile kama ile fupi, halafu zunguka mpaka mwisho. Tumbo liangalie kule mpira unakokwenda."

"Nazunguka."

"Huzunguki. Unasimama katikati kama mtu aliyesahau amefuata nini."

Wakabishana hivyo siku nyingi. Odongo akamshika kiuno, akamfunga mikono kwa kitambaa, akamwambia ahesabu kwa sauti, moja anapoinua, mbili anaposhuka. Nilisikia mkwe wangu akihesabu bondeni kama mtoto wa darasa la kwanza, na mbili haikufika kamwe mahali pake. Mwishowe Odongo akachoka, akaketi kwenye nyasi.

"Niambie ukweli. Kitu gani kinakuzuia?"

Kisyeri akavuta glavu yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ingawa upepo ulikuwa unakuja kwangu, "Nikizunguka mpaka mwisho, makalio yanaelekea kwa mama."

Odongo akageuka kutazama uani kwangu, akatazama chemchemi, akatazama tena uani. Ilikuwa kweli. Upande mwingine angepiga nyumba. Upande huu, kila akimaliza kuzunguka, anampa mama mkwe makalio yake yaliyobanwa na suruali ile. Fimbo fupi hazidai kuzunguka sana, ndiyo maana aliziweza.

Gati alicheka mpaka akampa mtoto kwikwi. Mimi sikucheka. Nilifikiri, huyu mtu ana heshima ya kutosha kunificha makalio, lakini hana ya kutosha kuacha nyasi za ng'ombe wangu.

Odongo akapanda, akasimama mbali kidogo, akavua kofia. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, tunakuomba tu uhamishe kigoda. Hata jikoni. Muda mfupi."

"Nihame uani kwangu ili mwanaume azungushe kiuno?"

"Ndiyo, mama," akasema, na sikuweza kumkasirikia kwa sababu alisema bila kujipamba.

Nikamgeukia Gati. "Mwambie mumeo nitaingia jikoni. Siku mipira ya fimbo ndefu itakapokuwa inaanguka pamoja pale kwenye kichuguu, miiba inaondoka na ng'ombe anarudi. Akubali kwa mdomo wake."

"Gati, mwambie mama nimekubali."

Nikaingia kwenye moshi. Nilikaa humo, macho yakinitoka machozi, nikisikiliza. Mwanzoni fimbo ililia ovyo kama zamani. Baadaye ikaanza kutoa mlio mmoja, mkavu, na baada ya mlio kimya, na baada ya kimya Odongo akisema, "Sawa. Ileile. Usiongeze kitu." Siku zilizofuata mlio ukawa uleule. Nikachungulia kwenye tundu la ukuta. Mipira ilikuwa imelala karibu na kichuguu kama mayai ya kanga. Nikamtuma Gati.

Akarudi ameinamisha kichwa. "Anasema Simioni anakuja Jumamosi kumwona. Anasema ng'ombe asubiri kwanza. Na Simioni akipapenda, anataka pabaki uwanja, awe anakuja na wenzake."

"Na mtoto?"

"Anasema ataleta maziwa ya kopo."

Mtoto alikuwa mgongoni kwake, anavuta pindo la khanga na kulinyonya. Nikaendelea kupepeta ulezi, kwa sababu Jumamosi haikuwa mbali.

Simioni alikuja na gari, mtu mnene, mpole. Aliniamkia kutoka mbali kama inavyotakiwa, akashuka bondeni. Kisyeri alikuwa amevaa soksi ndefu. Mpira wa kwanza ulianguka kwenye kichuguu. Wa pili pia. Simioni akatikisa kichwa kwa kuridhika, na Kisyeri akaanza kutembea kama jogoo aliyenyeshewa mvua halafu akakauka.

Nikaenda kilimani nyuma ya nyumba, nikamfungua ng'ombe wangu mwekundu, nikashika kamba, nikateremka. Sikupita pembeni. Nilivuta tawi moja la miiba kwa mguu, nikaingia malishoni, nikatembea polepole katikati, kuelekea pale mkwe wangu alipokuwa ameinua fimbo ndefu juu ya bega.

Aliniona kiatu kwanza. Fimbo ikabaki juu. Angeweza kupiga, akanipa makalio mbele ya Simioni. Angeweza kusimama, tukaangaliana. Alitupa fimbo, akashika kofia, akakimbilia migombani, na tulisikia majani yakivunjika mpaka mbali.

"Mlishe tu ng'ombe wako, mama," Simioni akasema, uso ameuelekeza pembeni. "Hapa pana nyasi nzuri."

"Ni nyasi zangu."

"Naona." Akaokota fimbo, akampa Odongo. "Mwambie yule bwana nitampa mashine. Mtu anayemkimbia mama mkwe hivyo hawezi kuniibia. Lakini gofu akachezee kwingine."

Basi akapata mashine. Leo ukimuuliza, atakwambia ni fimbo ndefu iliyompa, na atakuonyesha jinsi ya kusimama.

Jioni ya Jumamosi ile nilikuwa bado malishoni, nimeketi, ng'ombe anang'oa nyasi kwa sauti ninayoipenda, Gati akaja.

"Mama, yuko nyuma ya migomba. Anaomba upishe kidogo achukue mfuko na pikipiki. Usiku unaingia."

"Mwambie ng'ombe bado hajashiba," nikasema. "Na huwa anakula taratibu."