Majani ya Nyabiondo

Aliyemwingiza Kasoki katika mambo ya satelaiti alikuwa Aurélie. Angekuwa mtu mwingine, asingekubali. Walisoma sekondari pamoja, wakalala kitanda kimoja mwaka ule magodoro ya bweni yalipopungua, na Kasoki alipofiwa na mama yake, ni Aurélie aliyemfulia nguo za msiba. Kwa hiyo Aurélie alipofika Nyabiondo kwa pikipiki, akiwa sasa mtu wa ofisi ya mradi wa kilimo huko Butembo, na kuomba kuweka antena juu ya bati la duka la rafiki yake, Kasoki hakuuliza maswali mengi.

Jambo lenyewe lilieleweka. Wakulima wangeleta majani ya maharage, mazima na yenye ugonjwa, waseme kila jani lina nini, naye Kasoki ayapige picha. Kompyuta ndogo ya dukani ingejifunza kutokana na picha hizo. Picha zenyewe zingebaki hapo hapo. Yatakayopanda angani ni yale tu ambayo kompyuta imejifunza. Satelaiti zikipita zingeyachukua masomo hayo na kuyachanganya na ya Kibabi, ya Kalembe na ya vituo vingine, mpaka ipatikane akili moja inayoyajua maharage ya milima yote. Akili hiyo ingerudi kwenye simu, mkulima akionyesha jani aambiwe la kufanya.

Kasoki ni mtoto wa wafanyabiashara waliotoka Butembo. Wakulima wa milima ile walikuwapo kabla babu yake hajaijua njia ya kufika huko, na siku zote alikuwa amewauzia tu, hajawahi kuwaomba kitu. Safari hii aliomba. Alisimama baada ya misa akaeleza. Wa kwanza kumjibu alikuwa Mama Verdiane, ambaye shamba lake liko juu kabisa, kwenye baridi. Msimu mzima alishuka na majani aliyoyafunga katika jani la mgomba yasinyauke, na wengine wakamfuata kwa sababu yake.

Kasoki alikuwa akimwandikia Aurélie mara kwa mara, kuuliza kama masomo ya Nyabiondo yanafika. Aurélie hakukawia kujibu. Yanafika, asanteni, endeleeni.

Msimu uliofuata ile akili ikarudi kwenye simu ya Kasoki. Mama Verdiane akashuka na jani lililoingia manjano pembeni. Simu ikasema ni ugonjwa, ang'oe yote kabla haujasambaa. Mama Verdiane akasita. Alisema maharage yake huwa hivyo baridi ikikaza, kisha hurudia rangi yake. Kasoki akamwambia mashini imefundishwa kwa majani yake mwenyewe, itayakosaje? Basi Mama Verdiane akapanda kilima, akang'oa shamba lote.

Majirani zake hawakuuliza simu. Maharage yao yalikuwa na manjano yale yale, na baridi ilipolegea yakarudi kijani, yakatoa maua. Hakuna aliyekuja dukani kugomba. Waliacha tu kuleta majani.

Kasoki aliposikia kwamba Aurélie yuko Kibabi, akiwaonyesha wageni kazi ya mradi, alifunga duka akapanda pikipiki. Ukumbini alikuta ramani kubwa ukutani, jina la Nyabiondo limeandikwa pamoja na vituo vingine. Akangoja wageni waende kula, akamvuta Aurélie nyuma ya jikoni na kumweleza yaliyompata Mama Verdiane. Moyoni alidhani kuna kosa dogo, litarekebishwa. Aurélie alimsikiliza akiangalia viatu vyake.

“Masomo ya kwenu haikuingia,” akasema.

Kasoki hakuelewa. Aurélie akaeleza kwamba satelaiti haimsubiri mtu; inapita, na kituo ambacho hakijamaliza kutuma kinaachwa. Mawingu ya Nyabiondo hufunika jua, betri huishiwa, na kompyuta yao ilichelewa kila mara huku vituo vyote vikiingoja. Wakubwa wakaamua kuendelea bila Nyabiondo. Mashini ikajifunza maharage ya mabondeni. Ya kwenye baridi haikuwahi kuyaona.

“Tangu wakati gani?”

“Tangu mwanzo-mwanzo.”

“Na weye ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa najua, dada.”

“Juu ya nini hukuniambia?”

“Ningekuambia, ungeacha. Na wakubwa walitaka kuona Nyabiondo iko ndani. Bila kituo ya milima, mradi haingepita.”

Kasoki alitafuta hasira akaikosa. Kilichomjia ni aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyefumaniwa. Alikumbuka majibu yale ya haraka: yanafika, asanteni. Aurélie akamshika mkono, akasema wanaweza kufundisha upya, wapewe muda tu. Kasoki akautoa mkono wake taratibu.

“Kama ungeniibia, ningelia yangu,” akasema. “Lakini ulinituma kwa Mama Verdiane, nikamudanganya na kinywa yangu.”

Hakungoja chakula.

Jumapili, baada ya misa, aliwaeleza watu wote bila kuficha. Jina la Aurélie hakulitaja, kwa kuwa waliyemwona akisimama pale na kuomba ni yeye mwenyewe. Papa Callixte, mmoja wa wakulima walioleta majani mengi, akauliza kama picha bado zipo. Zipo, akasema Kasoki. Basi zifutwe, akasema Papa Callixte. Wakaenda naye dukani, wakasimama mpaka ya mwisho ikafutika, wakatawanyika.

Kesho yake Kasoki alibeba mbegu za maharage, akapanda kilima hadi kwa Mama Verdiane. Alimkuta analima. Mama Verdiane alizipokea, akamkaribisha ndani, akampakulia viazi. Walipokwisha kukaa, akasema pasipo ukali:

“Ile mashini sijue. Haiko yeye njo nilisadiki, ni weye.”

Kasoki akajibu kwamba analijua hilo, kwamba aliyeaminiwa ni yeye, si mashini. Wakala viazi.

Hadi leo Mama Verdiane akipita humsalimu vizuri, akaulizia na watoto. Chumvi na sabuni hununua ng'ambo ya barabara, kwenye duka la Jean-de-Dieu. Aurélie naye hupiga simu. Kasoki huiangalia ikiita mpaka inyamaze, halafu huendelea kupima mchele wa mteja.