Maneno ya Mwenzake

Mtaa mzima ulimwita Redio, kwanza kwa sababu alitengeneza redio maisha yake yote ya kazi, na pili kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia. Ila tangu ule ugonjwa wa mwaka jana kumbukumbu yake ilikuwa ya kubahatisha, leo inashika, kesho inakwaruza. Sasa alikuwa amepewa sehemu ya babu katika mchezo wa kikundi cha maigizo cha mtaani. Mwongozaji, mama mmoja asiyejua kuzungusha maneno, alimwambia wazi kwamba akikwama kwenye mazoezi ya Ijumaa, sehemu hiyo atapewa kinyozi.

"Kinyozi!" Redio alilalamika mezani. "Yule hata kucheka anakariri!"

Binti yake alicheka, lakini roho ilimuuma. Mchezo huo ndio uliomtoa baba kitandani, akaanza tena kunyoa ndevu na kugombana na taarifa ya habari. Wakimnyang'anya, atarudi kulala.

Binti aliajiriwa kwenye kampuni ya vitabu, na kazi yake ilikuwa kuandika maagizo ya XSLT, yaani yale yanayolichukua faili moja na kutoa jingine lenye sura mpya, kitabu kinene kikawa kijitabu. Mchezo wenyewe ulikuwa tayari kwenye kompyuta yake, maana ndiye aliyeupanga kwa ajili ya kuchapwa. Kila kauli ilikuwa na namba yake, na pembeni ilibeba namba ya kauli iliyotangulia, ambayo yenyewe inaijibu. Akaona kazi ni ya kumsukuma mlevi. Akaagiza: chagua kila kauli ya babu, inakili, iweke kwa herufi kubwa. Kufumba na kufumbua, kijitabu kikatoka.

Redio alikikariri bafuni, akakikariri uani, akawakaririsha mpaka majirani. Kisha akaenda kwenye mazoezi ya Jumanne na kusimama pale kama nguzo ya umeme.

"Maneno ninayo yote," alimwambia binti yake aliporudi. "Sijui tu niyaseme saa ngapi."

Binti akafungua kijitabu, akajionea haya. Kila kauli ya baba ilikuwa bado na ile namba pembeni, inajibu hii, inajibu ile, lakini hizo zinazojibiwa hazikuwamo. Alikuwa amenakili majibu na kuyaacha maswali. Ama kweli, haraka haraka haina baraka.

Akarudi kwenye maagizo yake. Safari hii aliiambia kompyuta iifuate ile namba, iilete kauli yenyewe na kuiweka juu ya jibu lake. Lakini kauli hiyo nayo ilikuwa jibu la nyingine, na hiyo nyingine jibu la nyingine tena. Kompyuta, kwa utiifu wake wa kupitiliza, ikafuata zote mpaka mchezo mzima ukarudi.

Baba akalipima lile rundo la karatasi mkononi. "Mwanangu, nimeomba glasi ya maji, umeniletea kisima."

"Nipe dakika chache, baba. Nitaiambia irudi nyuma hatua moja tu."

Kijitabu cha tatu kilikuwa chembamba. Juu ya kila kauli ya babu, kwa herufi ndogo, palikaa maneno ya mwenzake. Mama, mkewe Redio, ndiye aliyeyasoma hayo ya wenzake, na nyumba ikageuka jukwaa. Aliyasoma akikatakata vitunguu, aliyasoma akianika nguo.

"Baba mkwe, mbona hujafunga mlango?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Kuna mmoja bado hajarudi," Redio alijibu kutoka sebuleni, na hakukosea.

Ijumaa binti alikaa kiti cha nyuma. Kinyozi naye alikuwepo, midomo ikimcheza kwa kukariri. Redio alikwenda vizuri, kauli kwa kauli, mpaka onyesho la mwisho, ambapo mfamasia wa mtaani, aliyeigiza mkwe, alitakiwa kuuliza habari za mlango. Mfamasia akafungua kinywa. Halikutoka neno. Mwongozaji akainua kichwa, na binti akafumba macho, kwa kuwa swali lisipokuja, jibu la baba litatoka wapi?

Akasikia mkongojo wa baba ukigonga sakafu taratibu, ukielekea mlangoni.

"Mkwe wangu," Redio alisema, "naona unataka kuniuliza mbona sijafunga mlango."

Mfamasia akashusha pumzi. "Ndiyo, baba mkwe. Mbona hujafunga mlango?"

"Kuna mmoja bado hajarudi."

Mwongozaji akaandika pembeni ya nakala yake. "Hiyo ibaki hivyo hivyo," alisema. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa kinyozi, muungwana yule, akasema yeye anarudi kwenye mikasi yake.

Nyumbani binti alitangulia kuingia, furaha imemjaa mpaka anataka kulia. Baba alifuata polepole na mkongojo wake.

"Mbona hamjafunga mlango?" mama aliuliza kutoka jikoni.

Redio akasita. "Hiyo ya mchezo, au yako?"

"Yangu! Mbu wanaingia."

Redio akaurudisha mlango, akatia komeo.

"Basi nafunga," alisema. "Nimesharudi."