Viatu vya Darasa la Tatu

Saa nne na nusu, Jumanne, kengele ya kipindi cha michezo iligongwa, na watoto arobaini na wanne wa darasa la tatu wakabaki vilevile walivyokaa. Mwalimu mkuu alikuwa amekiazima kipindi kwa ajili ya hesabu. Alikiazima tangu muhula wa kwanza, na kama ilivyo kwa vitu vya kuazima, kurudi hakikurudi.

"Mtihani haukimbiwi, mwalimu," alimwambia mwalimu wa michezo. "Unakaliwa kitako."

Mwalimu wa michezo, ambaye hata wenzake walimwita Filimbi, alisimama barazani na mpira kwapani. Ndani, madawati yalitetemeka. Magoti themanini na manane yalichezacheza kama vifuniko vya sufuria zinazochemka.

"Tulieni!" alifoka mwalimu wa hesabu. Yakatulia. Yakaanza tena.

Ilipotimu saa tano kasorobo viatu vikatoka. Kamba zilijifungua zenyewe, vikapita chini ya madawati viwili viwili bila kusukumana, maana mstari vilikuwa vimeuzoea, vikashuka ngazi na kuanza kukimbia uwanjani. Msichana mmoja hakuwa na viatu. Wenzake walimbandika jina la Kiguu-na-Njia kwa sababu kukaa hakukujua. Yeye zilitoka nyayo tu: zilijichora moja moja vumbini, zikavipita viatu vyote kwenye kona.

Filimbi alitazama kidogo, kisha akapuliza filimbi. Kazi ni kazi. Alivigawa makundi madogo madogo ili kisiwepo cha kusimama kusubiri zamu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameota kipindi kisicho na foleni, akakipata, ila hakikuwa na watoto.

Wiki ya pili mama mmoja alikuja na kiatu mkononi.

"Mwanangu kutwa amekaa. Soli inaliwa na nini?"

"Kinashiriki michezo, mama."

"Na yeye mwenyewe?"

"Yeye ana hesabu."

Mama akashukuru, akaenda kwa fundi viatu.

Tumaini la Filimbi lilikuwa mkaguzi. Mkaguzi angekuja Alhamisi, angeona kwa macho yake watoto wamekaa saa ya michezo, na kipindi kingerudi kwa wenyewe. Alhamisi ikafika, mkaguzi naye akafika, na faili. Alisimama pembeni ya uwanja kando ya mwalimu mkuu, akahesabu.

"Jozi arobaini na tatu. Daftari linasema arobaini na wanne. Mmoja hashiriki."

"Yule pale, mheshimiwa," alisema Filimbi, akimwonyesha nyayo, ambazo zilikuwa zimeuzunguka uwanja mara mbili. "Ndiye anayeongoza."

"Nyayo zinaonyesha kwamba mtu alipita, mwalimu. Hazionyeshi kwamba yupo."

"Lakini wote wako ndani! Hebu tupa jicho dirishani."

Mkaguzi akatupa jicho. Watoto walikuwa wameinamia madaftari, miguu mitupu, vidole vikijikunja na kujikunjua sakafuni.

"Wametulia vizuri sana," alisema, akaweka alama ya vema kwa hesabu, ya pili baada ya ile ya michezo. Mwalimu mkuu alisifiwa kwa kufundisha vipindi viwili kwa saa moja, na walimu wa shule za jirani wakaanza kuja kujifunza. Tangu siku hiyo kipindi hakikuazimwa tena. Kilichukuliwa.

Jumanne iliyofuata Kiguu-na-Njia alichomoza kichwa dirishani.

"Mwalimu! Leo nimekuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Mbona sijachoka?"

Filimbi alitafuta jibu mifukoni, kwenye mpira, kwenye filimbi.

"We mtoto, tulia!" sauti ikatoka ndani, na kichwa kikazama.

Filimbi akapuliza. Viatu vikatimka. Nyayo zilisimama kwanza chini ya dirisha, visigino ukutani, zikangoja. Halafu zikaenda zenyewe.