Karai la Tatu

"Usinirushie vumbi, shoga, nina macho mawili tu," muoshaji alisema.

Mtwangaji alicheka bila kusimamisha mchi. Ulikuwa mchi wa chuma, kipande cha ekseli ya gari bovu, na kila uliposhuka kinuni jiwe lilivunjika kama mfupa. "Wewe omba hili liwe na kitu. Likikosa, kesho tunahama na vinu kichwani."

Muoshaji tangu asubuhi alikuwa akiomba likose.

Asubuhi, wakinywa chai, mdogo wake alimnong'oneza kwamba nguzo za chini ya shimo zinalia.

"Zinalia vipi?"

"Kama kitanda cha maharusi, dada." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Moja imepasuka jana. Nimeifunga kamba."

"Basi usishuke."

"Nikibaki juu leo, kesho watanipa mchi nitwange na wanawake. Msimamizi amesema nguzo mpya mpaka dhahabu ionekane. Na ikionekana, nani atakubali kuacha kuchimba aende kukata miti?"

Mawe mawili ya kwanza yalikuwa yameoshwa, hayana kitu. Hili la tatu ndilo la mwisho. Msimamizi alikuwa ametamka mbele ya wote: likitoka tupu, shimo linafungwa.

Muoshaji alimimina unga wa jiwe karaini, akachota maji, akaanza kuzungusha. Tope lilitoka kwanza. Ukafuata mchanga mweupe, mkupuo kwa mkupuo. Ukabaki ule mweusi, mzito, usiopenda kuondoka. Nyuma yake, dhahabu ikiwepo, hujivuta kama mkia wa mjusi.

Mkia ulikuwepo.

Ulikuwa mwembamba kama uzi, wa manjano, umelala kimya chini ya kivuli cha kidole chake. Hakuna mwingine aliyeuona. Msimamizi alikuwa amechuchumaa hatua tano kutoka hapo, anatafuna kijiti. Mdogo wake alikaa kwenye mdomo wa shimo, miguu inaning'inia, anapiga mluzi.

Kila mwanamke, kabla hajapewa karai, hufundishwa jambo moja: mafuta ni mwiko. Karai jipya huchomwa motoni. Mikono husuguliwa kwa majivu. Dhahabu laini ikionja mafuta huelea, na ikielea huenda na maji. Yeye mwenyewe aliwahi kumfukuza msichana aliyekuja kazini na mikono inayong'aa. Jana jioni alisukwa nywele, na ngozi ya kichwa ilikuwa bado inateleza kwa mafuta.

Aliingiza vidole chini ya kitambaa cha kichwa, kama anayejikuna. Akavirudisha karaini. Akaupapasa ule mkia taratibu, kama unavyompangusa mtoto machozi, akainamisha karai kidogo. Chembe zilipanda juu, zikasitasita, zikaruka ukingo.

"Mbona maji yako yana rangi rangi?" Mtwangaji alikuwa ameinama begani kwake.

"Nakuomba, shoga."

Mtwangaji alimtazama, akautazama mdomo wa shimo. Akarudi kinuni na kuanza kutwanga kwa nguvu, ingawa kinu hakikuwa na jiwe.

"Leta nione," alisema msimamizi. Akaligeuza karai juani, huku na huku. Mchanga mweusi mtupu. Akatema kijiti. "Wiki sita! Haya, shimo limekufa. Fungeni."

Muoshaji akakaa palepale kwenye tope. Mdogo wake alikuwa tayari ameshika kamba, mguu mmoja uko ndani ya ndoo.

"Unakwenda wapi?"

"Tindo zangu. Ziko nne chini, na nyundo."

"Ziache!"

"Niziache, dada? Huko tunakohamia nikachimbe kwa meno?"

"Nitakununulia nyingine. Mdogo wangu, nisikilize. Siku moja tu nisikilize."

Wanaume wawili kwenye gogo la kuzungushia kamba walicheka. "Mwache mwanamume akachukue vyombo vyake, mama."

"Dakika moja," mdogo wake alisema, akamkonyeza. Kichwa chake kikazama.

Muoshaji alitambaa hadi kwenye mdomo wa shimo, akalaza kifua ardhini. Hewa ya chini ilimpiga usoni, yenye unyevu, yenye harufu ya mbao. Alisikia miguu ikitua. Alisikia kikohozi. Kisha chuma kikaangukia ndani ya ndoo: tindo ya kwanza. Ya pili. Kimya kidogo, mkwaruzo wa kitu kinachovutwa, halafu ya tatu.

Wale wawili waliacha kucheka. Hata kinu kilinyamaza. Kamba ilining'inia wima katikati ya shimo, na punje ndogo za udongo zikaanza kudondoka kutoka ukutani, moja moja.