Farasi wa Raihana

Muna binti Guracha aliporudi Garsen kutoka Jidda, jamaa zake walikuja kumlaki huku macho yao yakiwa kwenye sanduku. Alikuwa amelea watoto wa nyumba moja huko kwa miaka, na kila mtu alijua wanaotoka Uarabuni hurudi na nini. Mama yake, Qabale, alipolifungua alikuta nguo chache, manukato, na chini yake kanda za video zimepangwa kama matofali.

"Ni nini hizi?"

"Katuni, mama. Zilichorwa na Wajapani, lakini wanazungumza Kiarabu."

Guracha, baba yake, alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake mkononi. Alikuwa mfugaji wa Kiorma, mtu wa maneno machache, na siku hiyo alikuwa na machache zaidi.

"Umelea watoto wa watu," alisema, "ukarudi na michezo yao."

Akatoka kwenda kwa ng'ombe wake.

Muna alizirudisha kanda sandukuni. Angemweleza vipi? Kule Jidda, mchana, bibi wa nyumba alipolala, yeye alikaa na watoto mbele ya televisheni wakitazama hadithi moja iliyoitwa Njia ya Malisho. Ilikuwa ya zamani hata wakati huo, imechorwa kwa mkono Muna akiwa bado mtoto. Ilimhusu msichana, Raihana, ambaye kijiji chao kilifunikwa na majivu ya mlima wa moto. Baba yake alikufa, naye pamoja na kaka yake Ziyad wakaswaga kundi la farasi kuvuka milima ya theluji wakitafuta majani. Watoto waliichoka haraka. Muna hakuichoka. Lakini mwisho wake hakuuona: deki iliharibika kabla hawajaifikia kanda ya mwisho, halafu bwana wa nyumba akaleta dishi, na kanda zote zikawekwa nje zitupwe. Muna aliziomba.

Mwisho wa mwaka tisini na saba ikaja ile mvua ambayo watu wote waliijua kwa jina la El Nino. Mto Tana ulivunja kingo zake ukajaza mashamba, ukakata barabara, ukaingia majumbani. Familia nyingi zilikimbilia shule moja iliyokuwa mahali palipoinuka. Waorma walikaa madarasa ya upande huu, Wapokomo, ambao ni wakulima, upande ule, na katikati uwanja uliolowa. Hawakugombana, ila hawakusalimiana sana pia. Mambo ya ng'ombe kupita shambani kwenda mtoni yalikuwa bado moyoni mwa kila mmoja.

Guracha alifika na ng'ombe wachache mno. Wengi walichukuliwa na maji, na waliobaki waliendelea kufa kwa ugonjwa. Alikaa ameegemea ukuta, akinywa chai aliyopewa, bila kumtaja hata mnyama mmoja. Qabale alimwambia binti yake, "Mwache. Ataongea akitaka." Lakini siku zilipita na hakutaka.

Muna aliziokoa kanda zake kwa kuzifunga kwenye karatasi za nailoni. Ile ya mwisho pekee ndiyo iliyoponyoka mtumbwini ikaangukia kwenye matope.

Upande wa Wapokomo alikuwepo Danson, fundi wa redio wa pale mjini. Yeye naye alichekwa, maana watu walipobeba magunia ya mahindi, yeye alipakia mtumbwini televisheni, deki na jenereta. Muna alimwendea.

"Fundi, vyombo vyako vinafanya kazi?"

"Vinafanya, dada. Ila petroli ni kidogo. Labda saa moja kwa siku."

"Saa moja inanitosha."

Wakaanza alasiri ya kesho yake, katika darasa lililokuwa tupu. Muna alisimama kando ya televisheni, akisikiliza Kiarabu na kuwageuzia watu kwa Kiswahili. Mwanzoni walikuja watoto tu, kisha kina mama. Mama yake Danson, Priscilla, ambaye migomba na mahindi yake yote yalikuwa chini ya maji, alikaa mbele kabisa.

"Mbona mdomo unatembea peke yake, na maneno yanakuja nyuma?" aliuliza.

Watu wakacheka.

"Wachoraji walichora mdomo wa Kijapani, mama," Muna alisema. "Waarabu waliweka maneno yao baadaye."

Siku chache zilipopita hakuna aliyeangalia midomo tena. Hadithi ile haikuwa na haraka. Kulikuwa na wakati ambapo Raihana alipuliza moto tu, theluji ikianguka nyuma yake, hakuna anayesema kitu, na darasa zima likanyamaza pamoja naye. Mbingu zake zilipakwa rangi mtu akatamani kuzigusa. Hata moshi ulikuwa na tabia: ulikwenda pale upepo ulipoupeleka.

Siku moja Guracha alikuja akasimama dirishani. Kwenye televisheni farasi jike mzee, kiongozi wa kundi, alisimama ghafla. Akainua kichwa. Masikio yakageuka, pua ikatanuka. Kundi lote nyuma yake likasimama.

"Amenusa maji," Guracha alisema.

Kabla Muna hajafungua kinywa, Raihana alimwambia kaka yake maneno yale yale kwa Kiarabu. Muna akamgeukia baba yake.

"Ndivyo alivyosema, baba. Amenusa maji."

Guracha aliingia ndani. "Rudisha nyuma," alimwambia Danson, naye Danson akarudisha. Mzee akachuchumaa karibu na kioo. "Tazameni mguu wa nyuma. Anaupumzisha mmoja. Mnyama aliyechoka husimama hivi, wala hapigi kelele. Huyu aliyechora alikaa na wanyama. Aliwatazama kweli."

Kuanzia hapo hakukosa. Ikafika sehemu ambapo kundi linavuka mto uliofurika. Maji yakawachukua farasi wadogo, mmoja baada ya mwingine. Raihana alibaki ukingoni akiwaita kila mmoja kwa jina, ingawa hawangeweza kusikia. Muna alitafsiri jina la kwanza na la pili.

Kabla hajafika la tatu, baba yake akaanza kuita, polepole, kwa Kiorma.

"Dima. Magala. Dalacha..."

Walikuwa ng'ombe wake. Aliwataja wote, akiyafuta machozi kwa ncha ya kikoi, bila kumwonea haya mtu. Qabale alifunika uso. Priscilla hakujua Kiorma, lakini hakuhitaji kuelezwa. Alisogea kwenye mkeka wake akamwachia nafasi.

"Pole, mzee. Kaa hapa. Mimi maji yalibeba shamba."

"Pole na wewe, mama," Guracha alisema, akakaa.

Ikabaki kanda ya mwisho, ile iliyoanguka. Danson aliifungua kwa bisibisi. Utepe wake ulikuwa umekuwa kahawia.

"Imekufa," Muna alisema.

"Bado. Huu utepe ni plastiki. Maji si kitu, shida ni matope."

Walichemsha maji ya mvua wakayaacha yapoe, wakauosha utepe kwenye beseni, kipande kwa kipande, wakiupangusa kwa kitambaa laini cha mtoto. Kisha wakaupitisha juu ya kamba darasani ukauke. Guracha alikaa mlangoni na fimbo kufukuza mbuzi, na hata watu wazima aliwaambia watembee taratibu wasitimue vumbi. Ulipokauka, Danson aliutoa utepe wa mechi ya mpira aliyoipenda sana kwenye kasha lake lisiloharibika, akauviringisha utepe wa Raihana humo.

Alasiri hiyo darasa lilijaa mpaka madirishani, Waorma na Wapokomo wamebanana. Picha ikaja, ina mistari myeupe, lakini ikaja. Sauti haikuja. Danson alizungusha hiki na kile, wapi.

Watu wakamtazama Muna.

"Wanasema nini?" Priscilla aliuliza.

"Sijui, mama. Sehemu hii mimi mwenyewe sijawahi kuiona."

"Basi usiseme," Guracha alisema. "Tuangalie tu."

Wakaangalia. Raihana alivuka mlima wa mwisho, nguo zimechanika. Chini yake lilikuwa bonde la kijani. Lakini bonde lilikuwa na wenyewe: mashamba, nyumba, uzio wa miti, na nyuma yake mto. Mzee mmoja alikuwa akilima. Alimwona msichana na farasi wake waliokonda, akasimama na jembe. Raihana alishika kamba ya yule farasi jike akamzuia asisogee, ingawa majani yalikuwa pale, hatua chache tu mbele ya pua yake. Wakatazamana. Mchoraji aliwaacha watazamane muda mrefu, upepo ukipita kwenye mimea. Kisha mzee akaweka jembe chini, akaenda kwenye uzio, akang'oa mti mmoja, na mwingine.

Picha ikaishia hapo.

Muna alikuwa akilia. Alikuwa ameingoja siku hiyo tangu Jidda, na ilikuwa nzuri kuliko alivyowahi kuiwaza.

"Amemfungulia akanyweshe mtoni," Priscilla alisema baadaye. "Hakusema shamba lake liliwe."

"Maji tu yanatosha," Guracha alijibu. "Kwa siku ya kwanza."

Wakabishana hadi magharibi, wakicheka. Alipoondoka, Guracha alimwuliza binti yake kama yule mchoraji bado yu hai.

"Sijui, baba."

"Kama yu hai, Mungu amzidishie."

Maji yalipopungua watu walirudi makwao, na ugomvi wa njia za ng'ombe haukuisha, ingawa Guracha na Priscilla waliusuluhisha wa kwao wenyewe. Muna na Danson walikodi chumba karibu na soko la Garsen wakaanza kuonyesha Njia ya Malisho, na watu walikuja hata kutoka Tarasaa. Mgeni mmoja alimwahidi Muna kwamba atamtafutia Mombasa kanda ya mwisho yenye sauti. Muna alimshukuru. Akamwambia akiipata ailete, ataisikiliza nyumbani peke yake, lakini pale chumbani wataendelea na hii isiyosema kitu.